Mwalimu Aliyewapa Minyoo Majina

Leo naomba niungame. Miaka thelathini na ushei iliyopita, nilipokuwa nikifundisha biolojia katika shule moja ya upili huko pwani, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniletea chupa ya jamu iliyojaa tope la mikoko. Alikuwa amelitikisa tope lile ndani ya maji, akaliacha litulie, kisha akachukua tone moja na kulitazama kwa hadubini pekee tuliyokuwa nayo, ambayo kioo chake kilikuwa na ufa. Aliona vitu vyembamba kama nyuzi vikijipindapinda bila kukoma. Alitaka kujua vinaitwaje.

Mtihani ulikuwa umekaribia, na jibu sikuwa nalo. Basi nilimwambia kwamba hao ni minyoo tu, kwamba hawamo katika silabasi, na kwamba aende akalimwage tope lake nje. Alikwenda akalimwaga. Mpaka alipomaliza shule hakuniletea kitu kingine.

Kosa hilo nililisahau kwa muda mrefu. Lililonikumbusha ni migomba. Nilipostaafu na kurejea nyumbani, magharibi mwa Kenya, nilipanda shamba dogo la ndizi. Mwaka wa tatu migomba ikaanza kuanguka, mikungu ikiwa bado michanga, kwa upepo ambao haungemwangusha hata mtoto. Afisa wa kilimo aliyenitembelea aling'oa mzizi mmoja, akaupasua kwa kisu, akanionyesha madoa mekundu yaliyoiva kama damu iliyoganda. Akaniambia kuwa aliyefanya hayo ni mnyoo wa nematodi, asiyefikia urefu wa milimita moja, achimbaye mizizi kutoka ndani. Akaniandikia jina lake la kisayansi kwenye karatasi: Radopholus similis (Cobb, 1893) Thorne, 1949.

Walimu wenzangu wanajua kwamba katika majina ya namna hiyo mabano hayawekwi kwa urembo. Jina lililo ndani ya mabano ni la mtu wa kwanza kumweleza kiumbe huyo. Lililo nje ni la mtu aliyemhamishia baadaye katika jenasi nyingine. Kwa hiyo mtu aitwaye Cobb alimjua adui wa migomba yangu tangu mwaka 1893, kabla babu yangu hajazaliwa. Nikataka kumjua mtu huyo. Ninayoyasimulia leo ndiyo niliyoyapata.

Nathan Augustus Cobb alizaliwa tarehe 30 Juni 1859 katika mji mdogo wa Spencer, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alisomea kemia katika chuo cha ufundi na sayansi cha mji wa Worcester, akahitimu mwaka 1881, na mwaka huo huo akamwoa Alice Vara Proctor. Kisha akawa mwalimu. Kwa miaka sita hivi alifundisha sayansi katika shule ya Williston iliyoko Easthampton, katika jimbo hilo hilo. Nalitaja hili kwa makusudi: yule ambaye wataalamu wa Marekani humwita baba wa elimu ya nematodi alitoka darasani, mikono yake ikiwa na vumbi la chaki kama ya kwetu.

Mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 28, Cobb aliiacha kazi hiyo akasafiri na familia yake hadi Ujerumani. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Jena, alikofundisha Ernst Haeckel, mwanazuoni aliyevuma kwa michoro yake ya viumbe wa baharini. Mwaka uliofuata Cobb akapata shahada ya uzamifu kwa tasnifu juu ya maumbile na ukuaji wa nematodi. Kutoka hapo akaenda Naples, Italia, kwenye kituo cha utafiti wa viumbe wa bahari, akaendelea na minyoo wake.

Yafaa tusimame kidogo tuulize nematodi ni nani. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya uzi. Ni mnyoo mviringo asiye na pingili kama za nyungunyungu, asiye na mifupa wala moyo wala mishipa ya damu. Misuli yake yote imelala kwa urefu wa mwili, ndiyo maana hawezi kujifupisha na kujirefusha. Hujua kujipinda tu. Wengi wetu tunawajua wale wanaotuingia matumboni, kama vile askari na safura. Lakini hao ni wachache. Jamaa zao wengi hawamdhuru mtu: wamo udongoni, wamo mitoni, na zaidi ya yote wamo katika tope na mchanga wa bahari, ambamo hula bakteria, mimea midogo mno ya majini, na wenzao wenyewe. Katika mita moja ya mraba ya tope la ufuoni wanaweza kupatikana mamilioni. Aghalabu hapana mnyama mwingine katika tope hilo anayewapita kwa wingi.

Sasa fikiria kazi ya kumpambanua mmoja na mwingine katika umati huo. Mtafiti huchota tope, akalikoroga ndani ya ndoo ya maji, akalipitisha katika chekecheke zenye matundu madogo kisha madogo zaidi, mpaka minyoo wabaki juu ya ile ya mwisho. Huwaua na kuwahifadhi kwa fomalini, akawahamisha polepole hadi kwenye gliserini ili wasinyauke, kisha akawalaza mmoja mmoja juu ya kioo. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Atahesabu midomo na nywele za kichwani. Atatazama kama kinywani mna meno, na ni mangapi. Ataangalia umbo la koo, miviringo ya ngozi, kijiti cha uzazi cha dume, mahali palipo tundu la jike, urefu wa mkia. Kila kitu atakipima na kukichora. Kisha atavifungua vitabu vyote vilivyotangulia, ahakikishe kwamba hakuna mwingine aliyekwisha kumweleza mnyoo huyo huyo. Akiridhika, ndipo atakapompa jina, na kielelezo alichokichora atakihifadhi mahali ambapo watakaokuja baadaye wanaweza kukiona na kumsahihisha. Hiyo ndiyo maana ya kuieleza spishi mpya. Ni kazi ya wiki na miezi kwa kiumbe asiyeonekana kwa macho matupu.

Mwaka 1889 Cobb alihamia Australia, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 akaajiriwa na idara ya kilimo ya New South Wales kuwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Mshahara aliupata kwa ajili ya ngano na kutu yake, na kwa shida zote za wakulima. Hata hivyo minyoo hakuwaacha. Mizizi ya migomba kutoka visiwa vya Fiji ilipita chini ya hadubini yake, na ndani yake akamwona mnyoo aliyemwita Tylenchus similis katika andiko lake la mwaka 1893. Huyo ndiye niliyekutana naye shambani mwangu. Mwaka 1894 alichapisha habari za jenasi mpya, mmojawapo ukiwa ni Tricoma, minyoo wa baharini ambao ngozi yao imevikwa pete za chembe za mchanga na tope, hata mtu adhani anatazama mkufu.

Mwaka 1905 akaenda Hawaii, kuwahudumia wenye mashamba ya miwa. Mwaka 1907 akarudi Marekani bara, katika idara ya kilimo ya serikali ya nchi hiyo, na huko akakaa mpaka mwisho wa maisha yake. Hapo pia alianza na kazi ya watu wengine: alitumia miaka kadhaa akisaidia kuweka viwango vya kupimia ubora wa pamba, ili mkulima na mnunuzi wasidhulumiane. Ngano, miwa, pamba: ndivyo vilivyomlisha. Minyoo ndio waliomkesha. Nadhani mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha madaftari mchana na kuandika shairi usiku atamwelewa.

Katika miaka hiyo ndipo jina lake lilipoenea. Mwaka 1913 alichapisha habari za Draconema, mnyoo wa baharini mwenye kichwa kilichovimba na vijineli vya kunatia, anayetembea kwa kujikunja na kujikunjua badala ya kuogelea kama wenzake. Ndipo akamfananisha na joka. Akazipa jina amfidi zile ogani mbili zilizo ubavuni mwa kichwa, ambazo kwazo nematodi huhisi kemikali zilizo majini. Mwaka 1914 alianza mfululizo wa maandiko aliyoyakusudia kuwa msingi wa elimu mpya, na elimu hiyo akaiita nematolojia. Kabla ya hapo minyoo hao walikuwa kipande cha elimu ya wadudu, au ya utabibu, au ya mimea, kutegemea walimdhuru nani. Cobb alisema wastahili elimu yao wenyewe.

Mwaka huo huo aliandika kwa ajili ya kitabu cha mwaka cha idara yake makala ambayo walimu wa biolojia wanaitaja hadi leo. Humo aliwataka wasomaji wafikirie kwamba kila kitu kimeondolewa ulimwenguni isipokuwa nematodi. Alidai kwamba dunia ingeendelea kujulikana kwa umbo lake, kwa sababu milima, mabonde, mito na bahari vingebaki vimechorwa kwa utando mwembamba wa minyoo. Wako waliodhani anatia chumvi. Kila tope lililochotwa tangu siku hizo limezidi kumpa haki.

Hakungoja tope limfikie kutoka karibu tu. Nematodi waliokusanywa katika msafara wa Shackleton huko Antaktika walimfikia yeye, na taarifa yao ikatoka mwaka 1914. Wale wa msafara wa Waaustralia wa mwaka 1911 hadi 1914 waliandikiwa taarifa yao mwaka 1930. Baridi iliyowaua wanaume wenye nguvu ilikuwa na wakazi wake wadogo, nao walihitaji majina. Mwaka 1920 alitoa andiko lililoeleza spishi 100 mpya, na kila moja ilikuwa mwanzo wa jenasi mpya. Katika maisha yake yote inasemekana aliwaeleza nematodi wa spishi zaidi ya 1,000.

Waama, nisingemtendea haki msomaji kama ningemchora Cobb kana kwamba hakukosea. Alikosea, tena mahali penye umuhimu. Alitaka minyoo hao waitwe nema, na faila yao nzima iitwe Nemata. Wataalamu wengi hawakumfuata. Alibuni fomula ya kuandika vipimo vya mwili kwa asilimia. Waliokuja nyuma wakachagua ile ya Mholanzi de Man, iliyo rahisi zaidi. Alijaribu kuwapanga nematodi wote katika makundi kwa kuangalia silaha za vinywa vyao, wenye meno huku na wasio na meno kule. Mpango huo ulianguka, kwa kuwa meno yanaweza kuota katika koo tofauti zisizo na udugu, kama vile ndege na popo walivyopata mabawa pasipo kuwa ndugu.

Na yule mnyoo wa migomba? Katika andiko lile lile la 1893 alimwandika mara mbili, kwa majina mawili, akidhani ni spishi mbili. Mwaka 1909 akamwandika tena kwa jina la tatu. Dume na jike la mnyoo huyu hawafanani kichwa wala kinywa, dume halili kabisa, basi si ajabu macho yakadanganyika. Mwaka 1915 aliandika makala ya kuonyesha kwamba mnyoo huyo ndiye anayeleta ugonjwa wa mizizi ya miwa na migomba. Hatimaye majina yote yakaunganishwa kuwa moja, na mwaka 1949 Gerald Thorne, aliyewahi kujifunza kazi kutoka kwa Cobb, akamweka katika jenasi Radopholus.

Hapa ndipo ninapoliona fumbo la maisha yake. Mpango mkubwa alioujenga ulibomoka. Vitu vidogo alivyovieleza kwa subira vilisimama. Mwaka 1923 alikuwa amevitaja viungo vingine viwili vidogo vilivyo karibu na mkia wa baadhi ya nematodi, akaviita fasmidi. Mwaka 1933, mwaka mmoja baada ya kifo chake, Benjamin Chitwood aliwagawa nematodi wote katika makundi mawili: wenye fasmidi na wasio nazo. Mgawanyo huo ulitawala vitabu kwa miongo mingi, mpaka uchunguzi wa DNA ulipoanza kuupanga upya mwishoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo nyumba ya Cobb ilivunjwa, lakini waliojenga nyingine walitumia matofali yake.

Cobb alifariki Baltimore tarehe 4 Juni 1932, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 73, akiwa bado kazini.

Je, yatuhusu nini sisi? Nitajibu kwa migomba kwanza. Mnyoo yule aliyeonekana kuwa kijidudu cha Fiji aliua mamilioni ya mipilipili manga kisiwani Bangka, Indonesia, na katika miaka ya 1950 akagunduliwa kuwa ndiye aliyekuwa akiifisha michungwa ya Florida. Katika Afrika Mashariki anajulikana kwa kuiangusha migomba. Palipotokea balaa, jina lilikuwapo tayari, na pamoja na jina ulikuwapo mchoro, vipimo na namna ya kumtambua. Afisa wangu wa kilimo hakuhitaji kubahatisha. Aliniambia nitumie miche safi ya maabara, au nimenye kitako cha mche hadi pawe peupe na kukichovya katika maji ya moto kwa muda maalumu. Ushauri huo wa dakika kumi una mizizi katika kazi iliyofanywa zaidi ya karne moja iliyopita. Usipojua jina la adui utamwita upepo.

Nitajibu pia kwa bahari. Nematodi waliokwisha kupewa majina duniani ni zaidi ya 25,000, na wataalamu wanakubaliana kwamba hao ni sehemu ndogo tu ya walioko. Bahari yetu haikuachwa kando kabisa. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa viumbe wadogo wa tope la mikoko katika ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, na nematodi ndio walioongoza kwa wingi. Mwaka 1997 Mkenya Agnes Muthumbi, akishirikiana na wenzake wa Ulaya, aliwaeleza nematodi wa vilindi vya Bahari Hindi, wakiwamo wa spishi mpya kwa sayansi. Niliposoma habari hiyo nilifurahi, kisha nikasononeka. Nilifurahi kwa kuwa Mkenya alikuwa ameshika kalamu ya Cobb. Nilisononeka kwa kuwa mwanafunzi wangu alikuwa ameishika hadubini miaka michache kabla ya hapo, nami nikamwamuru akalimwage tope.

Najua tutakayojitetea nayo. Tutasema mtihani hauulizi minyoo wa baharini. Tutasema vifaa hatuna, wala sisi wenyewe hatuwajui minyoo hao kwa majina. Ni kweli tupu. Lakini mwaka 1918 Cobb aliandika jinsi ya kuwakadiria nematodi wa udongoni, na vifaa vilivyohitajika vilikuwa hasa ndoo, maji, chekecheke na uvumilivu. Na kuhusu kutojua, kosa langu siku ile halikuwa kwamba sikujua jina la minyoo wale. Huenda hapakuwa na mtu duniani aliyelijua. Kosa langu ni kwamba nilimficha mtoto habari hiyo. Ningalimwambia kwamba labda viumbe aliowaona havijapata kuandikwa na mwanadamu yeyote, na kwamba angeweza kuwa wa kwanza, nani ajuaye tope lile lingalimpeleka wapi?

Wahenga walituonya kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi niliudharau uzi, na migomba yangu ikalala chini. Migomba nimeipanda upya, kwa miche safi, nayo inaendelea vyema. Kijana yule sina hakika yuko wapi. Pengine ni baba wa watoto, na pengine watoto wake wanasomeshwa na mmoja wenu.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ikiwa kesho mtoto atakuletea chupa ya tope na kukuuliza kilichomo, mwache aiweke mezani. Mwambie achore anachokiona, apime, aandike tarehe na mahali alipolichota. Kisha mkubaliane kwamba jina mtalitafuta pamoja.